Kapteni Audax Kamugisha na Kishikio cha Kushoto

Ndugu, majirani wa Kipawa, wanajumuiya, marubani mliokuja na sare zenu, na wageni wote. Haya ni maisha ya Kapteni Audax Mutalemwa Kamugisha kama anavyoyajua dada yake Auleria, aliyemlea.

Kamati iliniletea wasifu mwingine, umechapwa vizuri, una maua pembeni. Niliusoma siku nzima maana mie nasoma neno moja moja. Nilipofika mwaka 2018 nikakuta imeandikwa kwamba marehemu aliendelea kulitumikia shirika kwa uaminifu, halafu unakuja mwaka 2020. Wa 2019 haupo. Nikauliza mwaka mzima wa mtu umekwenda wapi. Mwenyekiti akasema mama, mengine si ya kusema msibani. Hapo nikajua kuna kitu wananificha mie, au wanataka niwasaidie kuwaficha nyie. Ndiyo maana huu nimeuandika mwenyewe kwenye daftari. Bernadeta, mtoto wa marehemu, aliuchapa nikiwa nimekaa ubavuni kwake, asiongeze wala asipunguze. Nitausoma mwenyewe, polepole. Mwenye haraka atavumilia.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, Kamachumu, Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Alikuwa mtoto wa sita na wa mwisho wa Mzee Leonsi Kamugisha na Ma Paskazia. Cheti chake kinasema 1969. Cheti kiliandikwa na karani ambaye hakuwepo. Mie nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi na sita, nilimbeba kitovu hakijakauka. Kwa hiyo mwaka mliouona kwenye programu ni wangu, na asiyeutaka aje aniulize mie. Baba yetu alifariki mwaka 1974, mama akamfuata mwaka uliofuata. Januari 1976 nilikwenda kumchukua. Mie nilikuwa nimeshaolewa hapa Kipawa na marehemu mume wangu, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo uwanja wa ndege. Tukapanda meli Bukoba hadi Mwanza, kisha treni. Njia nzima aliuliza nani anaiendesha, na akilala nani anamshikia.

Alianza darasa la kwanza mwaka huo huo, hapa hapa Kipawa. Mie sikusoma. Kila jioni alikuwa anashika chaki, ananiandikia nyuma ya mlango wa jiko kile alichofundishwa, na nisipojua ananisimamisha kama mwalimu wake anavyowasimamisha wao. Hivi ninavyosoma mbele yenu ni kazi yake. Herufi yake K ilikuwa na mkia mrefu chini, unakwenda hadi mstari wa pili. Nilimwambia ni mbaya. Akasema mbaya lakini ni yake. Mkia huo aliutunza mpaka uzee, na mtausikia tena mbele huko. Alimaliza la saba mwaka 1982, akasoma sekondari Pugu, kidato cha tano na sita akasoma Tabora, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1991 akapelekwa Addis Ababa kusomea urubani. Alirudi mwaka 1993 amekonda, anasema chakula chao kinachacha kabla hakijapikwa.

Kazi aliianza mwaka 1994 kwa ndege ndogo za kupeleka watalii na vifurushi. Mwaka 2009 akawa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, ile ya injini mbili. Jina la shirika silitaji. Wenyewe wapo, wamekaa mstari wa pili.

Sasa nieleze desturi moja ya kazi yao, maana bila hiyo hamtaelewa maisha ya marehemu. Kule mbele ya ndege wanakaa watu wawili. Kitu kikubwa kama injini hakizimwi na mtu mmoja. Mmoja anaweka mkono kwenye kishikio, anakitaja, havuti. Mwenzake anaangalia kwa macho yake, ndipo anasema ndiyo, ndicho. Hapo ndipo kinavutwa. Wanaita kuthibitisha. Marehemu aliileta desturi hii nyumbani kwangu. Hafungi bomba, hazimi swichi kubwa, hafungi mtungi wa gesi, mpaka aweke mkono aniite: "Dada, nimeshika koki ya tangi. Thibitisha." Mie nina masufuria mkononi. Siku moja nikamjibu ndiyo nikiwa jikoni, sikutoka. Kumbe amesimama nje ameshika koki ya jirani, Mama Atuganile, makusudi kabisa, ananipima. Akaja mlangoni akasema: "Umethibitisha bila kuangalia, dada. Marubani wote wangekuwa wa aina yako, leo tungekuwa ziwani." Nilimfukuza na mwiko, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, kapteni.

Tarehe 26 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Felicitas, mwalimu. Kusema kweli nilimchunguza Felicitas miaka mitatu, nikijua mabaya yapo tu. Sikuona kitu. Walijaliwa watoto wawili, Bernadeta na Stanley.

Nafika kwenye mwaka waliouruka.

Alhamisi, tarehe 11 Oktoba 2018, saa moja na dakika kumi asubuhi, marehemu aliondoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na abiria tisini na sita. Pembeni yake alikuwa rubani msaidizi, Taher Najmuddin, kijana wa Upanga, na siku hiyo zamu ya kuendesha ilikuwa ya Taher. Marehemu alikuwa anasoma saa za mitambo na kushughulikia vishikio. Walipopita Kisarawe ndege ikapiga kishindo, ikaanza kutetemeka, na harufu ya kuungua ikaingia. Injini moja imeharibika. Wakaizima, wakageuza kwa injini moja, na saa moja na dakika arobaini na moja wakatua, magari ya zimamoto yanakimbia pembeni. Hakuna aliyechubuka. Sie Kipawa tuliiona inapita chini, upande mmoja kimya, na mie nilijua ni yake kwa sababu ratiba yake ilikuwa imebandikwa ukutani kwangu. Nilikaa chini hapo hapo uani.

Magazeti yakaandika kapteni shujaa. Wiki tatu nikawa natembea sokoni Kipawa kama nimeirusha mie. Halafu mwezi wa Novemba shirika likamsimamisha kuruka. Wakamrudisha darasani, na ile nafasi ya kuwafundisha marubani wengine, aliyokuwa ameahidiwa, ikafa. Ndio mwaka 2019 huo. Alikaa barazani kwangu, ndege zinapita juu ya bati, yeye anaangalia saa yake na kunong'ona ipi imechelewa. Alirudi kuruka mwezi wa Agosti. Ualimu hakupewa tena hadi anakufa.

Nikauliza kosa lake nini. Nikasikia kwamba siku ile, kabla injini haijazimwa, kapteni alishika kishikio kisicho chenyewe, na kwamba habari hiyo ipo kwenye maandishi ofisini.

Nikapiga hesabu zangu. Chumba kile kina watu wawili, mlango umefungwa kwa ndani. Mmoja ni ndugu yangu. Aliyesema ni nani? Wiki ile ile Taher akaja hapa na boksi la halua, anaangalia chini kama mtu aliyevunja sahani. Mwaka 2020 akapandishwa ukapteni. Kwangu mie kesi ilikuwa imekwisha. Alimchongea mkubwa wake akapata kiti. Nikalisema hilo jumuiya, nikalisema kwenye kikoba, nikalisema kwa mke wa balozi wa nyumba kumi, na mlioko hapa wengi mlilisikia kutoka mdomoni mwangu, msijifanye leo mnashangaa.

Marehemu alinieleza mara mbili. Mara ya kwanza alisema: "Dada, niliandika mwenyewe. Taher hajasema kitu." Nikamwambia hakuna mtu anayejichongea. Mara ya pili alisema hivyo hivyo, nikamwambia moyo wako mzuri ndio watu wanaula. Hakurudia. Alikuwa ananijua.

Taher hakuacha kuja. Kila akiingia getini anasema shikamoo mama. Mie naangalia kuku. Hakuna siku niliyomwitikia. Niliona anasisitiza sana, na mtu asiye na hatia, nikafikiri, angekwishakasirika akaacha.

Tarehe 4 Desemba 2021 Bernadeta aliolewa. Ukumbini Tabata nikamkuta Taher meza ya ukoo, yeye, mkewe Sania, na mama yake Bi Shirinbai, mtu mzima kama mie, na mkongojo wake. Nikasimama mbele yao, watu wote wanasikia. Nikasema: "Hii meza ni ya ukoo. Waliomchongea mwanetu wakale na waliowatuma." Bi Shirinbai ndiye aliyenyanyuka wa kwanza. Alikunja kitambaa cha mezani vizuri, akakiweka alipokikuta, akamwambia mwanawe twende. Taher akasema: "Sawa mama. Shikamoo." Wakaenda kukaa nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Na marehemu, baba wa bibi harusi, akachukua sahani yake akawafuata huko huko, na hakurudi meza kuu mpaka keki inakatwa. Picha zote za meza kuu zina kiti kitupu. Nilimnunia miezi minne. Nilidhani ndiye aliyeniaibisha.

Januari 2025 macho ya marehemu yakawa ya njano. Hospitali wakapima wakasema ni saratani ya kongosho. Sikuwaamini, nikataka wapime tena, wakapima tena. Miezi minane aliugua, nusu hospitali, nusu hapa kwangu, chumba cha mbele, alichokitaka mwenyewe kwa sababu ya ndege. Dawa zilikuwa chupa tano. Kila ikifika saa ya dawa anaweka mkono juu ya chupa, sauti imekwisha: "Dada, nimeshika ya kizibo cheupe. Thibitisha." Na mie safari hii nilikuwa nainuka, navaa miwani, naangalia, ndipo nasema ndiyo.

Taher alikuja mara tatu kwa wiki. Mie nikaweka kiti changu katikati, kati ya kitanda na kiti cha mgeni, nisikie kila neno. Walizungumza mvua na mpira. Alikuwa analeta supu ya mbuzi aliyopika Sania. Sikujua imewekwa nini, nikawa naimwaga nyuma ya choo. Paka wa Mama Atuganile akawa anaila. Miezi minane, yule paka amenenepa hawezi kuruka ukuta. Hata hilo halikunifundisha kitu.

Jumapili, tarehe 7 Septemba, Taher alipoondoka, marehemu aliniambia: "Dada, kwa Taher umethibitisha bila kuangalia." Nilimwelewa vizuri sana. Nikamwambia alale, anajichosha. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu yenye maana, na nilimnyamazisha.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne kasoro kumi asubuhi, mikononi mwa Felicitas. Nilikuwepo. Taher naye alikuwepo, amesimama mlangoni, maana kiti chake nilikuwa nimekiwekea beseni.

Jumatano tulikuwa tunatafuta cheti chake cha kuzaliwa kwa ajili ya kibali cha mazishi. Felicitas akafungua begi lake la kazini. Ndani ya mfuko wa pembeni palikuwa na bahasha, ina nakala ya karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono, Kiingereza, tarehe 12 Oktoba 2018. Kesho yake ile siku. Kiingereza sikijui hata kidogo, lakini niliona mikia. Kila K imeshusha mkia hadi mstari wa pili. Nikajua nani ameandika kabla sijajua ameandika nini.

Nikampa Bernadeta asome. Nikafikiri huyu ni mtoto wake, atalainisha. Nikampelekea Mwalimu Bupe, anayekaa Karakata, hajui habari hizi. Kisha nikampelekea padri. Sikumwambia yeyote kwamba wengine wameshasoma. Wote watatu wamenisomea maneno yale yale. Nimeyaweka hapa kama walivyoyasema.

Marehemu aliandika kwamba siku moja kabla ya safari ile, kitabu cha ndege kilieleza injini ya kushoto ilikuwa ikitetemeka, mafundi wakaishughulikia. Aliisoma habari hiyo asubuhi na akapanda nayo kichwani. Ilipopiga kishindo, hakutazama saa. Alikuwa ameshajua ni ya kushoto. Akaweka mkono kwenye kishikio cha kushoto, akakitaja, akamwomba rubani msaidizi athibitishe. Rubani msaidizi, kijana mwenye saa chache za kuruka, mbele ya kapteni wa miaka tisa, akaangalia saa zote, akasema: "Hapana, Kapteni. Sithibitishi."

Ameandika kwamba zilipita sekunde tisa. Katika sekunde hizo alimkasirikia, akafikiri anamdharau, akafikiri anamwogopesha, na mkono wake ulikuwa bado upo pale. Halafu akauondoa, akaangalia. Ya kushoto ilikuwa nzima. Iliyokuwa inakufa ni ya kulia. Akaweka mkono kwenye kishikio cha kulia. Taher akaangalia tena, akasema ndiyo, ndicho. Wakakirudisha nyuma, mtetemeko ukapungua, wakaizima. Wakarudi na ile ya kushoto, ambayo yeye alitaka kuizima.

Na mwisho ameandika hivi: "Hakuna aliyeniomba niandike haya, na mwenzangu ameniahidi kunyamaza. Sitaki anyamaze kwa ajili yangu. Ningevuta, tungekufa wote. Kukataa kwake ndiko kulikotuteremsha, na naomba kuandikwe kwa jina lake."

Kwa hiyo mambo ni mawili, nayasema mbele yenu na mbele ya shirika. La kwanza, marehemu alikosea. Alishika kishikio kisicho chenyewe, na aliyemshitaki ni yeye mwenyewe. Mie ndugu yake ninayejivuna naye kuliko mnavyojua ninalisema hili kwa sababu yeye alilisema, na kwenye wasifu wa kamati lilikuwa limefutwa. Kalamu iliyomfutia haikumheshimu. Mtu mwenye mkono juu ya kishikio, ana cheo, ana hasira, anaambiwa hapana na mdogo wake, akauondoa mkono. Hilo ndilo alilofanya siku ile. Ushujaa mwingine mlioandikiwa na magazeti mrudishieni mwenyewe, amekaa pale nyuma karibu na turubai, maana amezoea nyuma.

La pili. Mie nilishika kisicho chenyewe miaka saba. Nilikuwa nimeshajua kabla sijaangalia. Nikaambiwa hapana mara mbili na mtu niliyemlea, na mara ya tatu akiwa kitandani, sikuondoa mkono. Bi Shirinbai alifariki mwezi wa Juni 2023. Nililetewa habari, sikwenda. Kwake sina tena pa kusemea. Kwa wale wote niliowaambia kwamba Taher Najmuddin ni mchongezi, nimelifuta leo, na nyie mkalifute huko mlikolipeleka. Mke wa balozi, nakuona.

Marehemu ameacha mjane, Felicitas. Watoto wawili, Bernadeta na Stanley. Mjukuu mmoja, Paskazia. Dada mmoja, mie. Mkwe, wapwa na jamaa wengi wa Kamachumu, ambao walitaka apelekwe nyumbani, lakini yeye alichagua Kinondoni na hilo tumeshalimaliza, lisianzishwe tena leo. Ameacha na ndugu mmoja wa kazini, Taher. Wamfungulie nafasi mstari wa mbele, upande wa ukoo, na Sania pembeni yake.

Nikimaliza kusoma tutamuaga marehemu, kisha jeneza litafungwa. Kitu kikubwa hakifungwi na mtu mmoja. Nitaweka mkono wangu juu ya mfuniko nitaje jina lake. Halitafungwa mpaka Taher aje aangalie uso wake kwa macho yake, aseme ndiyo, ndiye.

Na leo asubuhi getini, Taher, ulinisalimu tena kama kawaida yako, mbele za watu, nami sikujibu. Wengine mliona mkanong'ona, huyu bibi hata msibani. Sikuwa nimekununia. Nilikuwa naitunza niiitikie hapa, mbele ya wale wale waliokuwepo Tabata, hiyo ya leo pamoja na zote za nyuma.

Marahaba, mwanangu.

Audax, nimeangalia. Lala salama mikononi mwa Mungu, ndege nyingine sasa waachie wenyewe.